Simba Hayupo, Twende Hivyo Hivyo: Kumi Bora za Msitu wa Amani

Ukimwambia mtu unakwenda hifadhini, swali la kwanza ni lile lile: "Kuna simba?" Nimeulizwa mpaka nikatengeneza jibu la kudumu. Simba wapo Amani, ila ni wa redioni, tena siku ya mechi tu. Siku hiyo kijiji kizima huwasikia wakinguruma au wakilia, inategemea Yanga wameamkaje.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani iko Usambara Mashariki, juu ya Muheza, mkoani Tanga. Ilitangazwa mwaka 1997, ya kwanza ya aina yake nchini, na ina hekta 8,380 hivi. Ukianzia chini kabisa uko mita 190 tu kutoka usawa wa bahari. Ukifika juu umepita mita 1,100 na umeanza kutafuta sweta. Wenye dhamana nayo ni Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Tembo hakuna. Twiga hakuna. Lile gari la paa wazi, la kusimama na kofia na kupunga mkono kama mgombea, nalo hakuna. Kuna miguu yako, na kama uliidharau miaka yote hii, hapa mtafahamiana.

Orodha hii nimeipanga mwenyewe, kuanzia ya kumi hadi ya kwanza. Nilikwenda na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mkazi wa Kinondoni, mtu aliyepanda milima na viatu vya kwendea harusini. Ameupinga mpangilio wote, na hilo limenithibitishia kuwa uko sawa.

10. Njia ya kupanda

Safari inaanzia Muheza, mji wa machungwa. Msimu ukiwa umekubali, yamerundikwa kando ya barabara na muuzaji anakumenyea kwa kisu bila kuangalia mkono wake, macho yako kwa mteja anayefuata. Shemeji alikula mfululizo, halafu gari lilipoanza kona za kwenda juu akanyamaza ghafla. Sikumuuliza. Kuna ukimya ambao mtu mwenye adabu hauingilii.

Baada ya Muheza lami usiitegemee sana. Udongo ni mwekundu, na Amani hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, ambazo barabara huzipokea zote kwa moyo mmoja. Wakati wa masika dereva husimamisha gari na kuomba abiria washuke "kidogo tu, tupunguze uzito". Mnashuka. Mnasukuma. Mnapanda tena mkiwa na matope hadi magotini, na nauli inabaki ile ile.

Getini usitoe noti. Unapewa kontroo namba, unalipa kwa simu, unasubiri ujumbe urudi. Mtandao ukiwa umekwenda kutembea, nawe utembee hapo hapo getini hadi urudi. Bila kontroo namba hata kima hawakuhesabu kuwa umefika.

Nimeiweka ya kumi kwa sababu ni lazima upite. Kama ingekuwa hiari, isingeingia ishirini bora.

9. Siafu

Serengeti ina nyumbu wanaohama. Amani ina siafu, na hawa hawasubiri Julai.

Utawaona wamekata njia, mstari wa rangi ya chai nzito, upana wa viganja viwili. Ukiinama, kwa umbali wa heshima, utaona kazi ilivyogawanywa: wadogo wanapita katikati wamebeba mizigo, na wale wenye vichwa vikubwa wamesimama kingoni pande zote mbili, taya wazi, kichwa juu, wakilinda barabara. Askari hao ni vipofu. Wanategemea harufu na mtikisiko, kwa hiyo usijisumbue kuwatolea macho.

Kanuni ni mbili. Chomeka suruali ndani ya soksi kabla ya kuingia msituni. Utaonekana kichekesho, lakini hakuna anayekutazama isipokuwa mbega, na mbega mwenyewe amevaa koti la manyoya kwenye joto. Pili, ukiwafikia ruka, usisimame kupiga picha.

Shemeji alisimama kupiga picha. Yaliyofuata hayaandikiki mbele za watu wenye heshima zao, ila mkanda wa suruali ulihusika, na picha yenyewe ilitoka imekaa upande.

8. Stesheni isiyo na treni

Chini ya hifadhi, mahali paitwapo Zigi, ipo nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni. Wajerumani walijenga reli nyembamba kutoka Tengeni, mwanzoni mwa karne iliyopita, ili wateremshe magogo. Reli imekwishaondoka, magogo yaliondoka kabla yake, na nyumba imetengenezwa ikawa mahali pa kupokea wageni. Ukikaa barazani unaweza kusubiri treni kwa raha zako. Imechelewa miongo mingi na hakuna aliyekuja kuomba radhi, kwa hiyo kidogo unajisikia uko nyumbani.

Ila ninayempenda hapo ni mto. Zigi unatoka kwenye msitu huu, unateremka hadi bwawa la Mabayani, na kutoka Mabayani unaingia kwenye mabomba ya jiji la Tanga. Mtu wa Tanga anayekwambia hajawahi kufika Amani, Amani imemfikia yeye kila asubuhi, ikamjazia birika, na mwisho wa mwezi ikafuatia ankara.

Watu wa mamlaka ya maji wamelielewa hilo. Mwaka 2024 Tanga UWASA waliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua huduma na kutunza chanzo. Na huko juu wakulima wana umoja wao, UWAMAKIZI, wa kulima bila kuuporomoshea mto udongo. Nilimweleza Shemeji kuwa miti hii ndiyo tenki lenyewe la maji. Akauliza kama yale ya mtoni yanafaa kuoshea viatu.

7. Mti wa kuja

Njiani utaonyeshwa mti mrefu, mweupe kiasi, ulionyooka bila aibu. Unaitwa msizi, kitaalamu Maesopsis eminii. Kwao ni pande za Ziwa Victoria na magharibi zaidi. Huku uliletwa kupandwa mwanzoni mwa karne ya 20. Uliposikia hali ya hewa ya Usambara, ukaamua kuhamia moja kwa moja.

Msaidizi wake ni hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mkubwa unaofanana na kitu alichoazima na kusahau kurudisha. Anakula tunda, anaruka kilima cha pili kwa kelele nyingi, anaiacha mbegu huko. Kazi ya kuotesha inafanyika bure, hakuna semina, hakuna posho.

Msizi hupenda mahali palipo wazi, jua linapofika chini. Na mahali pa wazi palipatikanaje katikati ya msitu mzito? Hapa ndipo wanapoingia Wafini. Miaka ya 1970 na ile ya 1980 misaada kutoka Finland ilisaidia kiwanda cha mbao cha Tanga kuvuna magogo ya Usambara Mashariki kwa mashine. Wataalamu wakapiga kelele, uvunaji ukasitishwa, na kuanzia miaka ya 1990 fedha za Finland zikarudi kugharimia uhifadhi wa msitu ule ule. Msaada wa kwanza ulileta msumeno, wa pili ukaja kuuliza msumeno uko wapi. Mimi siwalaumu sana. Wafadhili wengine hawarudi kabisa.

6. Iliki

Kwa miaka mingi watu wa hapa walilima iliki chini ya kivuli cha miti mikubwa. Msitu ukawa umesimama juu na shamba limelala chini, na mpimaji anayetazama kutoka angani asingejua kitu. Lakini iliki huichosha ardhi, na miche ya miti ikifyekwa ili iliki ipumue, baada ya miaka miti mizee inakufa bila warithi. Siku hizi mashamba hayo hayatakiwi ndani ya hifadhi. Nje ya mpaka utaikuta bado, pamoja na mdalasini na pilipili manga, na chai inayotoka Kwamkoro na Monga karibu hapo hapo. Kikombe kimoja cha chai ya Amani kwa hiyo kinaweza kunywewa bila kiungo hata kimoja kutoka zaidi ya matembezi ya asubuhi. Isipokuwa sukari. Shemeji aliweka vijiko vinne, akaizika ladha yote, akasema ni chai nzuri.

5. Mhasibu aliyehesabu ndege

Mwaka 1928 alifika Amani Mwingereza mmoja, Reginald Moreau, kuja kushika hesabu za kituo cha utafiti. Mhasibu. Kazi yake ilikuwa risiti na daftari. Sasa wewe jaribu kumweka mtu dirishani, mbele yake madaftari, nyuma ya kioo msitu ambao ndege wake hawajaandikwa nusu. Haukupita muda, akawa ametekwa. Alikaa huku hadi miaka ya 1940, na mwishowe akawa miongoni mwa majina makubwa kabisa ya elimu ya ndege wa Afrika. Kitabu chake kinene kuhusu ndege wa bara hili na visiwa vyake kilitoka mwaka 1966. Sijui ofisi nyingine ya uhasibu iliyotoa matokeo ya namna hiyo. Zile ninazozifahamu hutoa hoja za ukaguzi.

Ndege aliyebeba jina lake, Artisornis moreaui, alitangazwa kwa wataalamu mwaka 1931. Ni mdogo, wa kijivu, mdomo mrefu na mwembamba, hujificha kwenye vichaka vya mitambaazi pembezoni mwa msitu. Dunia nzima yuko Usambara Mashariki, na jamaa zake wako mlimani kaskazini ya Msumbiji, basi. Wazungu huvuka bahari mbili kuja kumtafuta, husimama saa nzima mbele ya kichaka, humsikia, wasimwone, kisha hushukuru kwa dhati. Hii ni imani ya kiwango cha juu.

Na hakuishia hapo. Mwaka 1938 Moreau alimtangaza ndege mwingine, wa Uluguru, akampa jina la mkewe Winifred: winifredae. Wanaume wenzangu, sisi tunanunua doti ya kanga, tunachagua na jina la kusingizia kwamba ndilo tulilotaka kusema. Mwenzenu aliandika jina la mke kwenye ndege, na limebaki kwenye vitabu vya dunia. Shemeji alipolisikia akanitazama kwa jicho la kaka wa mke. Nikaomba tuendelee na safari.

Ukitaka rahisi zaidi, mtafute chozi wa Amani, anayenyonya maua juu kabisa ya miti. Huyu utamkuta pia msitu wa Arabuko-Sokoke huko Kenya, kwa hiyo usimpigie kelele kuwa ni wetu peke yetu. Wakenya wana mashahidi. Dume ana kichwa cha kijani kinachometameta na tumbo jeupe, na ana tabia ya kukaa juu hasa, mpaka shingo ikuume. Kuna na bundi mkubwa wa Usambara, vosseleri, mwenye jina la Julius Vosseler aliyekuwa mtaalamu wa wanyama hapa enzi za Mjerumani. Huyo bundi sikumwona. Shemeji anasema alimwona yeye, lakini Shemeji huona mengi pindi ninapokuwa nimegeuka.

4. Vipepeo wenye pasipoti

Vijiji vya kuzunguka hifadhi vilianza miaka ya 2000 kufuga vipepeo kibiashara, kwa msaada wa shirika la uhifadhi wa misitu la hapa nchini. Kibanda cha nyavu, majani sahihi kwa kiwavi sahihi, na uvumilivu. Kiwavi akishajifunga ndani ya ganda lake, zipo siku chache kabla hajatoka, na siku hizo ndizo zilizokuwa mtaji: alifungwa kwenye pamba, akatiwa boksini, akaruka hadi Ulaya au Marekani, akafumbukia kwenye nyumba ya maonyesho ya vioo. Yaani kipepeo wa Amani alipanda ndege kabla hajajua kuruka.

Faida yake ya pembeni ilikuwa kubwa kuliko uzuri. Kipepeo anataka mmea wake, na mmea unataka msitu, kwa hiyo mfugaji alikuwa na sababu ya mfukoni ya kutokukata. Kisha mwaka 2016 serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyama pori hai nje ya nchi. Nia ilikuwa kuzuia wanaotorosha wanyama. Kipepeo, ambaye hata mkoba hana, akajikuta kwenye tangazo moja na twiga. Wafugaji wakabaki na vibanda vyao na mabuu yanayoendelea kula bila kujua kuwa soko limefungwa. Hapa utani wangu unapungua kidogo, maana hela za vipepeo zilikuwa zinalipa ada za shule.

Bure, bila boksi wala bima, utawaona njiani penye maji maji, wamekusanyika wanafyonza chumvi kwenye tope. Shemeji alisimama katikati yao na jasho lake, wakamtua mkononi. Alinyamaza dakika nzima. Ni rekodi yake.

3. Ofisi iliyotengeneza kila kitu

Mwaka 1902 Wajerumani walifungua Amani taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe, mkurugenzi wa kwanza akiwa Franz Stuhlmann, aliyewahi kuzunguka maziwa makuu na Emin Pasha. Wakapanda miti kutoka kila pembe ya dunia: ya mpira, ya kamfa, ya mbao, ya kinini. Bustani yake ipo mpaka leo, vilima kwa vilima, na ukitembea bila mwongozaji utasimama chini ya mti kutoka Amerika Kusini huku unausifia kuwa ni msitu asilia wa babu zetu. Mianzi yake ni minene kuliko mguu wangu; kuliko wa Shemeji, sikuthubutu kupima.

Lakini kazi iliyonifanya niipandishe hadi ya tatu ni ya vita. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, meli za Waingereza zilifunga bahari, koloni likawa halipati kitu kutoka Ujerumani. Amani ikaambiwa itengeneze. Ikatengeneza kwinini kutokana na magome ya mkinini, jambo lililowaokoa askari wengi na homa. Ikatengeneza sabuni. Ikatengeneza unga wa meno. Ikatengeneza mafuta ya mbarika, ambayo mtoto yeyote aliyelelewa na bibi anayajua na hayataki. Na katika mwaka mmoja na nusu wa kwanza ikatoa zaidi ya chupa 15,000 za wiski na vileo vingine, pamoja na chokoleti kwa maelfu ya ratili.

Tafakari huo mpangilio wa kazi. Asubuhi mnachemsha dawa ya malaria, mchana chokoleti, jioni wiski, na katikati ya yote kuna mtu ameketi anapakia unga wa meno kwenye vipaketi. Mwingereza alipoiteka mwaka 1916 sidhani kama aliipiga risasi hata moja ghala ile.

Waingereza nao wakafanya la kwao. Kuanzia miaka ya 1920 hapa palikuwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki, na katika miaka ya 1930 mtaalamu H. H. Storey alipambana na batobato ya muhogo, ule ugonjwa unaokunja majani na kuyatia madoa ya manjano hadi shamba linakata tamaa. Wakauchanganya muhogo na ndugu yake wa mbali, mti wa mpira wa Ceará kutoka Brazil, wakapata mbegu inayostahimili. Damu ya mbegu hizo ilifika hadi Nigeria, ikaingia kwenye mihogo mingine ya bara zima. Kilimo kilipohamia Muguga, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1940, wakaja watafiti wa malaria, wakaukamata mlima mzima kwa miaka mingi.

Leo makao ya kazi hiyo yako Muheza, na huku juu zimebaki nyumba za dari refu zenye mabomba ya moshi, mabaraza mapana, njia zilizopangwa kwa mawe, na kimya cha ofisi saa ya chakula iliyorefushwa. Shemeji alisikiliza historia yote kwa umakini ambao sikuutegemea. Mwisho akamuuliza mwongozaji: "Hiyo chokoleti, iliisha yote?"

2. Ua lililohama bila kuaga

Dirishani kwa bibi yeyote wa Ulaya au Marekani kuna kopo, na kwenye kopo kuna ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Kwao ni hapa. Mwaka 1892 hivi Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa serikali ya Kijerumani upande wa Tanga, alilikuta Usambara, akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Baba akalipeleka kwa Hermann Wendland, mtunza bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, na mwaka 1893 likapewa jina: Saintpaulia. Baba na mwana wakapata ua. Usambara ikapata kutajwa kwenye maelezo.

Tangu hapo wameliotesha la waridi, jeupe, lenye madoa, la ncha zilizojikunja, na wana vyama vyake vya kushindana. Wataalamu nao, hawana dogo, hivi karibuni wamelihamisha ukoo na kuliingiza kwenye Streptocarpus. Lenyewe la asili halijashtuka. Linakaa kwenye mwamba wenye unyevu, kivulini, mahali ambapo tone la maji linapita karibu bila kuligusa, limebana mizizi kwenye ufa usiotosha kucha. Halitaki jua kali, halitaki kumwagiwa maji, halitaki kushikwashikwa. Nimewahi kuishi na mpangaji wa tabia hizo, lakini yeye hakuwa na maua.

Kulichuma ni marufuku. Shemeji alitaka moja ampelekee shangazi Kinondoni. Mwongozaji akamwambia kwa upole kuwa Kariakoo yapo, yamerudi kutoka Ulaya yakiwa na kopo lake.

1. Usiku

Watu wa Tanga tunajulikana kwa msemo wa waja leo waondoka leo. Kwa Amani msemo huo ni hasara, maana msitu unafungua duka lake zuri baada ya magharibi, na wewe saa hizo uko Segera unasubiri basi. Lala. Nyumba za wageni zipo, Zigi na Amani juu. Kula, vaa soksi juu ya suruali kama tulivyokubaliana, chukua tochi ya kichwani, mfuate mwongozaji.

Mchana kinyonga haonekani. Ana rangi ya jani na mwendo wa mtu asiyedaiwa. Usiku mambo yanageuka. Analala ncha ya kitawi chembamba, ambapo nyoka akija kitawi kitatikisika na kumwamsha, na akilala rangi yake hupauka. Ukipitisha mwanga wa tochi kwenye vichaka, kila kitu kinarudisha kijani isipokuwa yeye, anayerudisha weupe wa krimu. Mwongozaji wetu alikuwa akiwaona toka hatua kumi, anasema tu "huyo", nasi tunatoa macho dakika mbili kwenye jani lisilo na hatia.

Yule mkubwa wa hapa ni kinyonga wa pembe tatu wa Usambara, deremensis, kwa jina la Derema, jirani hapo hapo. Dume ana pembe tatu zilizoelekea mbele, moja juu ya pua na mbili juu ya macho, na mgongo ulioinuka. Jike hana hata moja. Tulimkuta dume usawa wa kifua changu. Mkia amejikunja mviringo kamili, vidole vimekamata kitawi mbili kwa tatu, jicho limefumbwa ndani ya ile kofia yake ya ngozi yenye punje punje. Mwanga ulipokaa muda mrefu, kitundu katikati ya kofia kikafunguka, jicho moja likatugeukia. La pili likabaki limelala. Hajaona sababu ya kuamka wote.

Wengi wetu tumelelewa kumwogopa kinyonga, na Shemeji alisimama nyuma yangu, mkono umeshika begi langu, akieleza kwamba haogopi ila anapenda kuona akiwa hapo.

Kisha mwongozaji akachutama na kuangaza chini, kwenye majani ya urefu wa goti. Hapo wako wale wadogo, wasiozidi kidole, rangi ya jani kavu, mkia mfupi kama uliokatishwa. Mmoja wao ana na ndevu, vijinyama viwili vitatu kidevuni. Ukimgusa hutetemeka mwili mzima, mtetemo wa simu iliyozimwa sauti, kwa hiyo usimguse. Amelala na kesho ana kazi. Pembeni yake, kwenye jani la pili, kulikuwa na sauti ndogo ya chuma kugonga chuma: ting, kimya, ting. Tukatafuta fundi. Alikuwa chura, Nectophrynoides tornieri, sentimeta tatu hivi, amekaa juu ya jani kama mwenye nyumba.

Huyu chura ni wa pekee kweli kweli. Vyura wengi hutaga mayai majini, viluwiluwi hutoka, huogelea, huota miguu, mkia hupotea, hadithi ndefu ya darasa la tano. Yeye hataki mlolongo huo. Jike hubeba mimba na kuzaa vichura vilivyokamilika, vina miguu yote, tayari kwa maisha. Dimbwi halihitaji. Shemeji aliposikia akataka kujua likizo ya uzazi ni miezi mingapi, na kwa mara ya kwanza mwongozaji, mtu mtulivu tangu asubuhi, akacheka hadi tochi ikayumba na kinyonga mwenye ndevu akatupotea.

Tuliporudi kwenye nyumba ya wageni ubishi wa idadi ulianza kabla ya viatu kuvuliwa. Shemeji anadai ameona vinyonga saba. Mimi namtambulia watano. Wale wawili wengine walikuwa majani, tena mmoja alikuwa na shina. Tukamwendea mwongozaji atuamue. Akauliza kwanza tumefikia ngapi kila mmoja, akasikiliza, akafunga kamba za buti zake upya, akasema yeye aliona kumi na moja, na kwamba kazi ya urefa hailipwi.